Zamu Iliyokataa Kujitoa

Aliyeumia alikuwa Semkiwa, lakini kwa mara ya kwanza tangu awe msimamizi, Nakunda hakusikia kitu.

Alikuwa amekaa kwenye chumba cha watoto cha kiwanda, kanga imefunika bega, mwanawe Mbazi akinyonya huku akimfinya kidole. Yowe lilipopenya ukuta alilisikia kwa masikio tu, kama angelisikia mpita njia yeyote. Nyuma ya sikio lake la kushoto, pale ilipopandikizwa ile punje ndogo waliyoiita mwangwi, palikuwa kimya kabisa.

Kimya hicho ndicho kilichomtisha.

"Mshike," alimwambia mlezi, akimchomoa mtoto kifuani. Mbazi akaanza kulia, naye akaanza kukimbia.

Ukumbini kulinuka mkonge mbichi na kitu kingine. Mashine ya kusagia majani, ambayo zamu nzima iliiita Mama Mkwe kwa sababu hakuna ilichopewa kikaitosha, ilikuwa inazunguka saa ya mapumziko, wakati ilitakiwa iwe imelala. Semkiwa alikuwa kifudifudi juu ya meza ya kulishia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kati ya rola mbili hadi kwenye kiwiko, na rola zilikuwa bado zinavuta. Asumpta, mwenzake wa mezani, alikuwa amemkumbatia kiunoni, visigino vikiteleza kwenye maji ya majani, akivuta kama wanagombea mtu yeye na mashine. Upande wa pili singa zilikuwa zinatoka kama kawaida, nyuzi ndefu za kutengenezea kamba za vinu vya upepo. Zilikuwa nyekundu.

"Zimeni!"

"Haizimiki!" Asumpta alilia. "Haizimiki, Mama Mbazi, tumejitoa!"

Nakunda alielewa kabla sentensi haijaisha. Swichi ya kuzimia Mama Mkwe iling'olewa mwaka ule ule mwangwi ulipoletwa. Ya nini swichi, walisema wenye kiwanda, wakati kuna mtu? Mfanyakazi akiumia, maumivu yake yote yanaingia kwa msimamizi wake, msimamizi anashtuka, na mshtuko huo ndio unaokata umeme. Hakuna mkono ulioweza kuwahi swichi kwa kasi hiyo. Lakini aliyegusa nguzo ya mlangoni na kujitoa kwenye zamu, mwangwi wake umezimwa. Mashine haimjui. Inamla kama jani.

Mezani palikuwa na nyundo ya kunyooshea meno ya rola. Nakunda aliishika kwa mkono wa kulia, akauweka wa kushoto juu ya chuma na kutanua vidole. Hakujipa nafasi ya kufikiri. Alipiga.

Vidole viwili vilivunjika kwa sauti. Nyuma ya sikio kukawaka moto, taa zikazimika, na Mama Mkwe akaguna, akapunguza mwendo, akasimama.

Walirudisha rola nyuma kwa nguvu za mikono, watu wanne kwenye gurudumu moja. Kilichotoka kilikuwa bado kimeshikamana na Semkiwa, lakini chini ya kiwiko kilikuwa kimechunwa vile vile jani linavyochunwa likabaki nyuzi. Walimlaza sakafuni, Nakunda akavua kanga yake, akaifunga juu ya kiwiko, akaikaza kwa meno kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa haumsaidii tena.

Semkiwa alimtazama kwa macho yaliyopauka. "Kilipinda," alisema. "Kilitakiwa kivunjike. Kipumbavu kile, kilipinda."

* * *

Kijiti chenyewe kilikuwa bado kwenye ekseli ya Mama Mkwe, kimekunjika kama msumari uliokosewa. Kilikuwa kipande cha ule mti mwepesi unaochomoza katikati ya mkonge ukizeeka. Asumpta alikionyesha kwa kidole.

"Kinashika ekseli badala ya pini ya chuma," alisema. "Rola zikibana majani, kinavumilia. Zikibana mfupa, kinavunjika, rola zinalegea. Wazo la Semkiwa. Tulijaribu na mfupa wa ng'ombe, kikakatika kama mkate. Leo alitaka kuona kama kinaweza kazi ya kawaida. Akalisha majani mawili matatu tu, glavu ikanaswa. Na kijiti kilikuwa kimekunywa maji ya majani tangu asubuhi. Hatukulifikiria hilo."

"Mmekijaribu mara ngapi bila mimi?"

Asumpta aliangalia sakafu. Watu wa zamu walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Mlangoni niliwaambia nini siku ya kwanza? Mwenye wazo aje kwangu. Sikusema?"

"Ulisema."

"Nilimcheka mtu? Hata ile kofia ya kupoza kichwa ya Semkiwa, iliyokunyoa wewe nusu ya nywele, nilimfokea?"

"Tulikuwa tuje likishafaulu," Asumpta alisema. Kisha akalia waziwazi. "Ni kwa ajili ya Mbazi. Siku ile nilipobanwa kidole wewe ukiwa unanyonyesha, ukashtuka, mtoto akaanguka kwenye saruji. Tuliona damu kwenye paji lake. Tukakaa, tukakubaliana, kitu chochote kinachoweza kuuma tukifanye saa ya chai, tukiwa tumejitoa. Ili usisikie. Unanyonyesha, Mama Mbazi. Tulikuhurumia."

Nakunda alikaa chini sakafuni, hapo hapo, kando ya kichwa cha Semkiwa. Alitaka kumpiga mtu. Alitaka kuwakumbatia wote. Walikuwa wamempenda mpaka wakaondoa breki ya mashine.

Bwana Kiangi, meneja, aliingia akiwa amekumbatia vidole vyake vya kushoto, vizima kabisa. Nyuma yake walikuja walinzi wanne wenye virungu. Meneja hupokea nusu ya kinachompata msimamizi, na kiwanda kilikuwa na wasimamizi kila ukumbi. Katika uso wake ungeona kila kona iliyowahi kuungua, kukatika au kubanwa.

"Nani amekugonga?" aliuliza.

"Nimejigonga."

Alimtazama Semkiwa, akatazama kijiti, akaelewa, akafumba macho kwa muda. "Alikuwa amejitoa?"

"Ndiyo."

"Basi ameumia kwa mambo yake." Aliwageukia walinzi. "Mpelekeni zahanati ya kijiji. Hicho kimti king'oeni mkichome."

"Zahanati watamkata tu na kumshona," Nakunda alisema. "Hospitali yetu inaotesha mkono. Mishipa ikiwa hai bado. Leo hii, kesho haiwezekani."

"Inaotesha kwa aliyeumia kazini, Mama Mbazi. Sheria unaijua."

Aliijua. Alijua pia kifungu cha chini yake, ambacho kiliandikwa kwa ajili ya watu waliogongwa na matrekta nje ya geti wakiwa wametumwa na kiwanda. Maumivu ya aliyejitoa hayapotei papo hapo. Hukaa ndani ya punje yake mpaka king'ora cha kufunga zamu. Msimamizi akigusanisha sikio lake na la mwenye maumivu, akasema napokea, yote yanahamia kwake kwa mkupuo mmoja, na tukio linakuwa la kazini. King'ora kikilia kabla, yanafutwa.

Bwana Kiangi aliyasoma mawazo yake usoni. Alichuchumaa karibu, sauti ikashuka.

"Dada, sikiliza. Usifikirie hata kidogo. Kule ukumbi wa kamba kuna msimamizi alipokea mguu. Mguu tu. Moyo ulisimama. Mguu haukuwa wake, kifo kikawa chake. Wewe una kichanga ng'ambo ya ukuta huo, mimi namsikia analia hata sasa."

"Na Semkiwa?"

"Semkiwa alichezea mashine."

"Alikuwa anatafuta namna tusiumie. Mimi, wewe, yeye."

"Wote huanza hivyo!" Meneja alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Kila mwenye wazo jipya nchi hii wazo lake linaishia kwenye mwili wangu. Unajua nusu za watu wote zikijumlishwa zinafika wapi? Mke wangu akinigusa bega naruka. Nimekataza majaribio kwa sababu sina tena mahali pa kuumia. Chomeni hicho kitu!"

* * *

Mlinzi wa kwanza aliyeikaribia ekseli alimkuta Asumpta amesimama mbele yake.

"Pisha, binti."

"Sipishi. Mkono wa mtu umeingia humo, leo unataka kuchoma tulichojifunza?"

Alipigwa tumboni. Nakunda alikunjika pale alipokaa, pumzi ikamtoka kana kwamba kirungu kimempata yeye. Bwana Kiangi, aliyekuwa amewafuata walinzi, alishika tumbo akayumba.

"Subiri!" alifoka meneja. "Subirini, wajinga nyie! Wamegusa nguzo hawa, wamerudi zamu!"

Ilikuwa kweli. Wakati Nakunda na meneja wanabishana, wafanyakazi walikuwa wameenda mlangoni mmoja mmoja, kimya, wakagusa nguzo na kurudi. Sasa walisimama wamezunguka Mama Mkwe, na kila mmoja wao alikuwa ndani ya sikio la Nakunda. Aliwasikia wote kwa pamoja, magoti yanayouma, jino bovu la mtu, mgongo wa Asumpta, hofu haikuwamo ila mwili wa kila mtu ulikuwamo.

"Jitoeni," aliamuru Bwana Kiangi. "Nyote, nguzoni. Anayebaki hana kazi kesho."

Asumpta, akiwa bado amepinda, alimwangalia Nakunda. Wote walimwangalia. Alijua wanachouliza. Wakijitoa, virungu vitawaangukia wao peke yao, naye atakaa salama. Wakibaki, kila pigo litapita kwake, na nusu kwa meneja. Walikuwa tayari kumhurumia tena. Neno moja tu, wangeenda.

"Msijitoe," alisema Nakunda.

"Mama Mbazi..."

"Nimesema mtu asijitoe. Mmenisikia?"

Walinzi walitazamana. Walikuwa watu wa kulipwa na kampuni nyingine, hawakuwa na punje. Mmoja wao, mwenye hasira za kuchokozwa, aliinua kirungu na kumpiga mzee mmoja wa meza ya pili begani. Fundo la maumivu lilimpasukia Nakunda mfupani. Akampiga wa pili. Kijana mmoja alipasuka mdomo, na mdomo wa Nakunda ukajaa ladha ya chuma isiyokuwepo. Watu walianza kujibu. Ndoo ilirushwa, mlinzi akaanguka kwenye utelezi, viatu vikamkanyaga, mtu akamng'ata mtu. Kila kilichowapata wa zamu kilipita kwake, mbavu, goti, sikio, meno, na kupitia machozi alimwona Bwana Kiangi amepiga magoti, akijipapasa pasipo na jeraha.

"Inatosha!" meneja alikuwa anawaambia walinzi wake. "Basi, basi! Mnaniua!"

Kwa kelele zile hakuna aliyemwona Nakunda akimsogelea Semkiwa.

Semkiwa alikuwa amelala vile vile, kanga imekuwa nyeusi kwa damu. Alipoona uso wa Nakunda umemkaribia, alielewa haraka kuliko mtu mwenye hali ile anavyopaswa kuelewa.

"Hapana, Mama Mbazi. Usijaribu hata."

"Nyamaza."

"Nilikifanya ili usiumie."

"Ndiyo kosa lako lilipo, Semkiwa. Hujakosea kijiti, kijiti kitakauka. Umenificha." Alimshika shavu kwa mkono mzima. "Ningekuwepo rola zingesimama kwenye kucha. Ningepiga yowe moja, tungecheka, tungekunywa chai."

Semkiwa alianza kulia. "Una mtoto."

"Ninaye." Hakuweza kuendelea mara moja. Alisikiliza ng'ambo ya ukuta. Mbazi alikuwa amenyamaza, labda amebembelezwa, labda amelala. Nakunda alitamani amwone kwanza, dakika moja tu, amnuse utosi. Akajua akienda hatarudi. "Ninaye, na siku moja atafanya kazi mahali fulani, chini ya mtu. Geuza kichwa."

"Mama Mbazi!" Bwana Kiangi alikuwa amewaona. Alikuja akitambaa juu ya sakafu ya majani na damu, akamshika kifundo cha mguu, akavuta. "Kwa Mungu, usifanye! Mimi pia! Nusu yake ni yangu!"

"Najua, kaka," alisema Nakunda, na hakulisema kwa ukali. "Shika kitu."

Alilaza sikio lake juu ya sikio la Semkiwa.

"Napokea."

Haikuja kama mkono. Ilikuja kama nyumba nzima kubomokea juu yake. Kwanza glavu inavutwa, kitu kidogo cha kuudhi. Kisha kucha, zote kwa pamoja. Kisha ngozi ikapanda kutoka kiganjani kwenda juu kama soksi inayovuliwa, na mifupa ya kiganja ikagawanyika, na rola zikaendelea, hazikuwa na chuki wala haraka, zikaendelea, na mahali pote alipotaka kukimbilia ndani ya kichwa chake palikuwa pameshajaa. Aliona mkono wake wa kulia mzima mbele ya macho na hakuamini. Moyo ulipiga, ukasita. Alihisi nafasi kati ya pigo na pigo ikitanuka, pana, tulivu, na ndani ya utulivu ule kulikuwa na sauti ya Asumpta inayosema kitu kimoja tu, pumua, pumua, pumua, na mikono mingi mgongoni mwake.

Akapumua.

* * *

King'ora kilipolia, gari la hospitali lilikuwa limeshatoka getini na Semkiwa ndani. Punje ya Nakunda ndiyo iliyoliita. Tukio la kazini halihitaji saini ya mtu. Muuguzi alikuwa amemwambia Asumpta kwamba mishipa ilikuwa hai na mkono utaota, ingawa utakuwa mwembamba, na Semkiwa alikuwa ameuliza kama anaweza kuchagua urefu wa vidole.

Walinzi walikuwa wamekaa nje wakijifunga vidonda. Hakuna aliyewafukuza wala kuwakaribisha.

Bwana Kiangi alikuwa ameegemea mguu wa Mama Mkwe, shati limelowa, mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto. Alikuwa ametapika. Nakunda alikaa mkabala naye, kichwa kwenye paja la Asumpta, vidole vya kushoto vimefungwa kwa vijiti. Walikuwa watu wawili pekee ukumbini walioyajua maumivu yale.

"Kile kijiti," meneja alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imekwisha. "Kwa nini kilipinda?"

"Kilikuwa kimelowa."

"Kikiwa kikavu?"

"Mfupa wa ng'ombe ulitoka na mkwaruzo."

Meneja aliitikia kwa kichwa taratibu. Alitazama ekseli, kisha sakafu, kisha watu wake waliopasuka midomo. "Kipakeni nta," alisema. "Au sijui. Nyie ndio mnajua. Kipakeni kitu." Akajaribu kusimama, akashindwa, na kijana aliyepasuliwa mdomo na mlinzi wake ndiye aliyempa mkono.

Nakunda alijiinua akakaa wima. Ukumbi ulizunguka kidogo, ukatulia. Watu wa zamu walikuwa bado pale ingawa muda wao ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyekuwa ameikaribia nguzo. Waliinamisha nyuso kama watu waliokamatwa.

"Nitasema mara moja," aliwaambia. "Msinihurumie tena. Mtu akinihurumia namfukuza kazi, na sitanii. Mkitaka kujaribu kitu, jaribuni nikiwa ndani yenu. Kikiuma, kitaniuma mimi kwanza na mashine itasimama, hiyo ndiyo kazi yangu hapa. Sikuwekwa niwe salama."

Alijifuta uso kwa mkono mzima.

"Semkiwa hakuwa peke yake. Nina hakika. Humu ndani kuna watu wameficha vitu." Aliwapitia kwa macho, mmoja mmoja. "Nani mwingine?"

Mtu alikohoa. Kisha yule mzee wa meza ya pili, aliyepigwa begani, aliinua mkono wake mzima nusu tu, kama anayeogopa kuitwa.

"Mimi nina kitu, Mama Mbazi. Kuhusu meno ya rola. Nimekaa nacho muda." Alijishika bega. "Ila kitauma."

"Kitauma kiasi gani?"

"Sijui bado."

Nakunda alisogea pembeni, akapangusa nafasi kwenye sakafu kando yake.

"Njoo ukae. Tuangalie."